Finalaiza: foleni iliyokuwa ikiilemea Java

Kila mwezi takwimu za vituo vya afya vya Kivu Kusini huingizwa kwenye DHIS2: wagonjwa wa malaria, watoto waliochanjwa, akina mama waliojifungua. Jimbo lina zoni za afya 34, zikiwemo Ibanda na Kadutu za mjini Bukavu. Programu hiyo, inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, imeandikwa kwa lugha ya programu ya Java. Seva ya Java ikisita, anayeumia ni karani wa zoni anayengoja ukurasa ufunguke huku akihofia umeme utakatika.

Sababu moja ya kusita huko inaweza kuwa usafi: Java hujisafishia kumbukumbu yenyewe. Mkusanya takataka hutafuta vitu ambavyo bado vinatumika, na nafasi ya vilivyobaki hurudishwa kazini. Kwa kuwa vitu vingi huishi muda mfupi mno, usafi huo kwa kawaida ni mwepesi.

Finalaiza ndiyo iliyoleta uzito.

Tangu toleo la kwanza, mwaka 1996, kitu chochote kiliweza kuandikiwa agizo la mwisho, finalize(), la kutekelezwa kabla hakijafutwa. Tuseme kufunga faili iliyoachwa wazi. Nia ilikuwa njema. Lakini kitu cha namna hiyo hakiondoki mara moja. Mkusanyaji akikuta hakitumiki tena, hukipanga kwenye foleni, agizo lake litekelezwe kwanza, kisha kingoje usafi mwingine. Ni kama ofisi yenye dirisha moja: shauri la mmoja likikwama, wote walio nyuma yake wamekwama. Wakati huohuo kila kilichoshikwa na kitu hicho hubaki kimejaza kumbukumbu.

Joshua Bloch alipima gharama hiyo katika toleo la tatu la kitabu chake, Effective Java. Kitu kilichofungwa na mwandishi wa programu mwenyewe kilimaliza maisha yake kwa nanosekunde 12 hivi. Chenye finalaiza, 550. Mwaka 2015 watengenezaji wa Hadoop, mfumo wa kuhifadhi data nyingi, walilalamikia jambo hilohilo: FileInputStream, chombo cha kawaida cha kusomea faili, kilikuwa na finalaiza, kwa hiyo kila faili iliyosomwa iliongeza kazi ya usafi. Java 12 ya mwaka 2019 iliiondoa humo. Matoleo ya zamani ya DHIS2 yalitumia Java 8, iliyokuwa bado na finalaiza hiyo. Toleo la 41 linadai Java 17, isiyo nayo.

Dawa ilikuwepo mapema. Tangu Java 7, mwaka 2011, faili ikifunguliwa ndani ya mabano ya try hufungwa yenyewe kazi inapoisha, hata kosa likitokea katikati. Mwaka 2022, Java 18 ilitangaza kwamba finalaiza itaondolewa kabisa, ikatoa na swichi ya kuizima: --finalization=disabled. Mwanafunzi wa informatiki wa Bukavu anaweza kuijaribu kwenye programu yake leo. Akiona faili zilizo wazi zinazidi kurundikana baada ya kuizima, kuna mahali kwenye msimbo ambapo kazi ya kufunga ilikuwa imeachiwa finalaiza, na hapo ndipo pa kurekebisha.