Awara: filamu ya mapenzi na uhalifu iliyouliza kama mtoto wa nyoka lazima awe nyoka

Mwaka 1951 mwongozaji wa India, Raj Kapoor, alitoa filamu iitwayo Awara. Haina rangi, inachukua karibu saa tatu, na inasimulia habari za mwizi anayempenda mwanasheria, na za jaji asiyejua kwamba kijana anayemdharau ni mwanawe wa kumzaa. Kuanzia miaka ya 1950 ilikuwa miongoni mwa filamu zilizopendwa sana katika majumba ya sinema ya Tanganyika na Zanzibar. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika kitabu cha Reel Pleasures kuhusu sinema nchini mwetu, ameipa nafasi kubwa.

Katika makala haya tunaeleza filamu hii inahusu nini, kwa nini iliwagusa watu wasiojua Kihindi, na kwa nini swali lake bado linatuhusu sisi wa Iringa na Nyanda za Juu Kusini.

Filamu za giza ni zipi?

Mwaka 1946 mhakiki wa Ufaransa, Nino Frank, alizipa filamu fulani za Marekani jina la "filamu nyeusi", yaani zenye giza. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Double Indemnity ya mwaka 1944, iliyoongozwa na Billy Wilder. Wakala wa bima anampenda mke wa mteja wake, wawili hao wanapanga kumuua mume ili wapate fedha za bima, na mapenzi yenyewe yanaishia kwenye risasi.

Filamu za aina hiyo zina alama zake: vivuli virefu ukutani, mvua ya usiku, mhalifu anayesimulia yaliyopita, na mapenzi ambayo mtazamaji anahisi mapema kwamba hayatafika salama. Mara nyingi mwanamke ndiye anayemvuta mwanamume kwenye maangamizi.

Awara ina vivuli hivyo hivyo. Mpigapicha wake, Radhu Karmakar, aliijaza nyumba ya jaji giza na ngazi kubwa zenye kutisha. Lakini hapa mwanamke ndiye anayejaribu kumtoa mwanamume shimoni. Aliyemsukuma humo ni mtu mwenye heshima zake, mwenye joho la sheria.

Kisa chenyewe

Raghunath anaamini kwamba tabia hurithiwa: mtoto wa mtu mwema atakuwa mwema, na mtoto wa mwizi atakuwa mwizi. Kwa imani hiyo anamtia hatiani Jagga kwa ushahidi hafifu, kwa kuwa baba yake Jagga alikuwa jambazi. Jagga anatoka gerezani akiwa jambazi kweli na anamteka mke wa Raghunath, Leela. Anapogundua kwamba Leela ni mjamzito anamwachia, akijua shaka itafanya kazi iliyobaki. Na kweli, Raghunath anasikiliza maneno ya watu na kumfukuza mkewe nyumbani. Leela anajifungua mtaani. Mtoto anaitwa Raj.

Raj anakulia kwenye umaskini. Anang'arisha viatu ili apate chochote, na anafukuzwa shule. Siku mama yake ni mgonjwa na ndani hakuna chakula, anaiba mkate na kufungwa. Huko jela anapewa mkate. Kapoor hahubiri hapo, anatuonyesha tu: mkate uliokosekana nyumbani umepatikana gerezani. Tangu hapo mlezi wake ni Jagga, ambaye anataka kumthibitishia jaji kwamba damu yake nayo inaweza kuzaa mwizi.

Akiwa mtu mzima, Raj anakutana tena na Rita, rafiki yake wa shuleni, ambaye sasa analelewa na jaji yule yule. Rita, aliyeigizwa na Nargis, anasomea sheria. Mapenzi yao yanabanwa kati ya wanaume wawili, Jagga na Raghunath, na kila mmoja ana sababu zake za kutaka Raj abaki mwizi.

Tukio lililotukaa zaidi kichwani ni la siku ya kuzaliwa ya Rita. Raj hana zawadi, basi anampora mwanamume mmoja mkufu barabarani, bila kujua kwamba huyo ni jaji anayeupeleka kwa Rita. Raj anampa Rita mkufu usio na kasha. Baadaye jaji naye anampa Rita kasha lisilo na mkufu. Hakuna anayesema neno, lakini Rita ameshaelewa. Sinema inayoweza kueleza jambo zito kwa kasha tupu haihitaji mkalimani.

Mwishowe Jagga anamshambulia Leela, na Raj anamuua akimtetea mama yake. Leela naye anafariki baada ya kugongwa na gari la jaji. Raj anapojua ukweli anajaribu kumuua baba yake. Mahakamani, Rita ndiye anayemtetea, na anamhoji Raghunath mpaka siri inatoka. Raj anafungwa miaka 3, na Rita anaahidi kumsubiri. Raj hajiombei huruma. Anaomba watu wawafikirie watoto wengine wanaokulia mazingira kama yake.

Inafaa kujua kwamba Raghunath aliigizwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor. Raj mdogo aliigizwa na Shashi Kapoor, mdogo wake mwongozaji.

Kwa nini ilitugusa

Nyimbo zilisaidia sana. Muziki ulitungwa na Shankar na Jaikishan, na sauti ya Mukesh kwenye wimbo mkuu ilijulikana kuanzia Moscow hadi Unguja. Lakini kuna sababu iliyo karibu nasi zaidi.

Neno "awara" maana yake ni mzururaji. Watazamaji wa Tanganyika ya wakati huo walilijua neno hilo kwa machungu. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika iliowaona hawatakiwi, na kijana asiye na kazi inayotambulika aliweza kukamatwa na kurudishwa kwao. Kijana aliyetoka Iringa au Njombe kwenda kukata mkonge Tanga au Morogoro, kisha akateremka Dar es Salaam kujaribu bahati, aliweza kuitwa mhuni kabla hajafanya kosa lolote. Hata baada ya uhuru jambo hilo halikuisha. Mwaka 1983, katika operesheni ya Nguvu Kazi, watu walikamatwa mijini na kupelekwa vijijini kwa kukosa uthibitisho wa kazi.

Mtu wa namna hiyo akimwona Raj na viatu vyake vilivyochoka, hakuhitaji Kihindi.

Swali lililobaki

Hapa Tosamaganga, kwenye misheni, kuna kituo ambacho masista wanalea watoto waliofiwa au waliokosa wa kuwatunza. Wapo watoto wanaokua bila kujua habari za baba. Kwa nadharia ya Jaji Raghunath, mtoto asiye na ukoo unaojulikana ni wa kuogopwa. Kwa maoni ya Awara, swali la kuuliza ni nani anamlisha, nani anamsomesha, na nani anamngoja jioni.

Sheria yetu iko upande wa filamu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu mbalimbali, ikiwemo ya kuzaliwa kwake. Lakini sheria haiingii kwenye mazungumzo ya kilabuni, wala kwenye kikao cha ukoo binti anapochumbiwa na watu wakaanza kuuliza kijana ni wa nani. Hapo ndipo methali ya mtoto wa nyoka inapotolewa, na mara nyingi hakuna anayeijibu.

Awara inaijibu, ingawa haimsafishi Raj. Ameiba, ameua, na anatumikia kifungo. Inachokataa ni kumwacha jaji aondoke mahakamani kama mtu asiyehusika. Raghunath alitabiri kwamba mtoto wa mwizi atakuwa mwizi, kisha kwa mkono wake mwenyewe akamtupa mwanawe mahali ambapo utabiri huo ungetimia.

Ukitaka kuitazama

Filamu inapatikana kwenye intaneti ikiwa na tafsiri ya maandishi ya Kiingereza. Ukiwa na mtu anayekufahamishia, kama tulivyozoea kwenye vibanda umiza, hutapotea. Usiiruke sehemu ya ndoto, ambapo Raj anaangaika kati ya moto na mawingu huku Rita akimwita kutoka juu. Angalia pia mwanga unavyobadilika kila jaji anapoingia chumbani.

Na kama nyumbani kuna mzee aliyewahi kwenda sinema mjini enzi hizo, mwite mwitazame pamoja. Kisha muulize alimlaumu nani siku ile aliyoiona mara ya kwanza: Raj, Jagga, au jaji.