Je, Wajua? Kinyoya Hukimbia Zaidi Milimani

Miji ya Kasulu na Kibondo iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kwa mchezaji wa badminton hilo si dogo: pigo linalotua ndani ya uwanja Dar, Kasulu laweza kutoka nje.

Asilaumu mkono wake. Kinyoya rasmi, kile kinachopigwa kwa raketi, kina manyoya 16 na uzito wa gramu 4.74 hadi 5.50 tu, na breki yake ni hewa: ikiwa nyepesi, hukimbia zaidi.

Kabla ya mazoezi, kinyoya hujaribiwa kwa pigo kamili la kutoka chini, mpigaji akiwa kwenye mstari wa nyuma. Kinachofaa hutua sentimita 53 hadi 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Kikipitiliza, hutafutwa cha mwendo wa polepole, ambacho watengenezaji hukitoa mahususi kwa nyanda za juu.