Makabaila wa Japani walivyopoteza ardhi na panga

MNAMO Julai 1853, manowari nne za Marekani zikiongozwa na Matthew Perry zilitia nanga Uraga, karibu na Edo, jiji liitwalo leo Tokyo. Ilibainika kuwa panga za samurai hazingefua dafu mbele ya mizinga.

Utawala wa ukoo wa Tokugawa, ulioanza 1603, ulikubali mkataba mwaka uliofuata. Fedheha hiyo iliudhoofisha, na mnamo 1868 wapiganaji wa Satsuma na Choshu wakauangusha kwa jina la Mfalme Meiji.

Kinaya ni kuwa washindi hao, samurai wenyewe, ndio waliouzika ukabaila. Mwaka 1871 milki za makabaila, yaani daimyo, ziligeuzwa mikoa. Wengi hawakupinga, kwani serikali ilibeba madeni yao na kuwapa sehemu ya kumi ya mapato.

Mzigo uliwaelemea samurai. Mnamo 1876 walikatazwa kubeba panga, na posho zao zikageuzwa hati za dhamana. Saigo Takamori, aliyesaidia kuiasisi serikali hiyo, aliongoza uasi, akafia Kagoshima Septemba 1877.

Aliyemshinda hakuwa Mzungu, bali jeshi la Japani lililosajili hata wana wa wakulima.