Jivu la volkano linavyofichua safari ya ardhi

Msikilizaji wetu, ukiambiwa kwamba ardhi huhama, una haki ya kuuliza: nani aliona? Hakuna mtu aliyeona, lakini jivu la volkano limeacha ushahidi.

Volkano ikilipuka, upepo hubeba jivu mbali na kulimwaga kwa muda mfupi. Wakazi wa jirani na Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, wanakumbuka jivu la mwaka 2007 na 2008 lililofunika malisho. Jivu likifukiwa na matope, hubaki kama tabaka jembamba ndani ya mwamba.

Umri wake hujulikanaje? Ndani ya jivu mna punje ndogo za madini ya zirkoni. Punje hizo zinapoumbika huwa na urani kidogo na karibu hazina risasi. Kadiri miaka inavyopita, urani hugeuka kuwa risasi kwa kasi isiyobadilika. Wataalamu hupima vyote viwili, kisha hukokotoa umri.

Sasa tutazame eneo la Precordillera, magharibi mwa Argentina, karibu na milima ya Andes. Mawe yake ya chokaa ya kale zaidi yana visukuku vya wanyama wa baharini wanaofanana na wale wa Amerika Kaskazini. Kwa hiyo wanajiolojia wengi husema kipande hiki kilimeguka huko, kikavuka bahari na kujiunga na Gondwana, bara la kale ambalo Afrika nayo ilikuwa sehemu yake.

Kilifika lini? Hapo ndipo jivu linasaidia. Miamba ya Precordillera ina matabaka mengi ya jivu la takriban miaka milioni 470 hadi 460 iliyopita. Umri huo unakaribiana na wa volkano za Famatina, zilizokuwa ukingoni mwa Gondwana. Matabaka makubwa ya jivu ya mashariki mwa Amerika Kaskazini ni ya baadaye, takriban miaka milioni 454. Basi, kipande hicho kilikuwa tayari kimesogea karibu na Gondwana.

Hata hivyo, jivu hutuambia kipande kilikuwa karibu na volkano ipi, na lini. Halituambii kilianzia wapi. Ndiyo maana wapo wanajiolojia wanaosema hakikuvuka bahari kabisa, bali kiliteleza kando ya Gondwana yenyewe. Kwa swali hilo, jivu peke yake halitoshi. Visukuku na miamba mingine lazima navyo vihojiwe.