Mihadhara ya Uwanjani na Mpaka wa Kashfa

Mihadhara ya kulinganisha dini ilishamiri Tanzania katika miaka ya 1980, chini ya mvuto mkubwa wa Ahmed Deedat, mhubiri wa Durban, Afrika Kusini. Wahubiri wa Kiislamu walichukua mbinu yake ya kuutetea Uislamu kwa kutumia Biblia yenyewe.

Mhadhara hauhitaji gharama kubwa: uwanja, meza, spika za honi, na jenereta pasipo na umeme. Mezani huwekwa Biblia na Qurani. Mara nyingi mhubiri hasomi mwenyewe, bali humwita Mkristo aliyejitokeza amsomee aya, tuseme Yohana 17:3, kisha humuuliza: aliyetuma na aliyetumwa ni mmoja au wawili? Wapo wanaocheka, wapo wanaonuna, na zamani kanda za kaseti zilisambaza mabishano hayo hadi kwa wasiofika. Wahubiri wa Kikristo nao walijibu kwa mikutano yao, wakiisoma Qurani kwa ukali uleule.

Serikali ilipoingilia, neno lililotawala lilikuwa kashfa. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani mtu anayetamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mwingine. Malalamiko ya kashfa ndiyo yaliyowapeleka polisi kwenye msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, Februari 1998. Zikazuka vurugu, risasi zikapigwa na watu wakafa. Waislamu wengi hawajaisahau Mwembechai, na huitaja kama ushahidi kwamba dola ilikuwa na upande.

Mpaka wa kashfa ulikuja kupimwa vizuri zaidi mahakamani. Mwaka 2000, mjini Morogoro, Hamisi Rajabu Dibagula alitamka mhadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Mwaka uliofuata mahakama ya wilaya ilimfunga miezi 18, ingawa kifungu chenyewe hakiruhusu zaidi ya mwaka mmoja. Waislamu walikuja juu. Mahakama Kuu ikapunguza adhabu na akatoka, lakini hatia ilibaki hadi Mahakama ya Rufani ilipoifuta mwaka 2003. Majaji waliona kwamba maneno yale ni sehemu ya imani ya Uislamu, na kuyatangaza peke yake hakuthibitishi nia ya kuumiza. Kwa mantiki hiyohiyo, Mkristo anayekana utume wa Muhammad naye analindwa. Hukumu hiyo ilistahili kujulikana zaidi, maana bado wapo wanaodhani kupinga itikadi na kutukana ni kitu kimoja.

Hata hivyo, si kila ugomvi huzaliwa mhadharani. Kwa miaka mingi Watanzania walizoea kumwachia Mwislamu kisu, kwenye machinjio au kwenye sherehe ya jirani Mkristo, ili nyama iliwe na wote. Mazoea hayo hayakuwa na sheria nyuma yake. Mapema 2013, baadhi ya Wakristo mkoani Geita walipodai haki ya kuchinja na kuuza nyama yao, mabishano yaligeuka mapigano na mchungaji akauawa. Nyuma ya bucha palikuwa na hoja nzito zaidi: nani ana haki ya kuwapangia wenzake.

Watu wa siasa kali ni habari nyingine, kwa sababu wao hawataki kujibiwa. Kule Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, ugomvi wao wa kwanza ulikuwa na Waislamu wenzao: waliingia misikitini na viatu, wakawakataza watoto shule za serikali na kuwaita mashehe wa hapo wapotovu. Viongozi wa Kiislamu waliwashtaki kwa serikali kabla kundi hilo halijavamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, Oktoba 2017.