Kabla ya Kugeuza Ufunguo

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki wakiwa na Datsun 240Z. Nafasi ya pili ilikwenda kwa 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Miaka miwili baadaye Mehta, mzaliwa wa Uganda, akanyakua ushindi mwenyewe kwa gari la aina hiyohiyo. Lile la Herrmann liliishia kwenye hifadhi ya Nissan, kampuni iliyolitengeneza, nchini Japani, na mwaka 2013 klabu ya wafanyakazi wa kampuni hiyo wanaofufua magari ya zamani ikalishughulikia mpaka likatembea tena kwa injini yake. Miaka 42 ilikuwa imepita tangu ushindi ule.

Si kila 240Z iliyolala imeshinda rali. Gari hili lilizinduliwa Oktoba 1969, Wajapani wakiliita Fairlady Z, na lilipoingia sokoni Marekani mwaka uliofuata bei yake ilikuwa dola 3,526, fedha ndogo kwa gari la michezo lenye silinda sita. Watu walilinunua kwa wingi na kulikimbiza mpaka likachoka. Mengine yaliharibika kitu kidogo tu, klachi au pampu ya maji, yakasukumwa ghalani yasubiri mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ukawa miaka thelathini. Hayo ndiyo yanayofunuliwa turubai leo, kwa sababu thamani yake imepanda na wenyewe wamezeeka au wamewaachia watoto.

Mafundi wanaoyapokea wana kilio kimoja. Gari limevumilia miongo mitatu gizani, kisha linauawa ndani ya dakika kumi na mtu mwenye betri mpya, galoni moja ya petroli na hamu ya kusikia mlio.

Injini ya 240Z ina ujazo wa cc 2,393, silinda sita zikiwa zimepangwa kwa mstari mmoja. Inapozimwa, daima kuna vali zilizobaki wazi, na kupitia humo hewa yenye unyevu huingia na kutoka kila joto la mchana linapopokezana na ubaridi wa usiku. Ukuta wa silinda hupata kutu nyembamba na ringi za pistoni hugandana nayo. Oili iliyokuwa kwenye beringi imekwisha kuchuruzika yote hadi kwenye sampu. Ukipiga stata katika hali hiyo, heri injini igome kabisa. Ikikubali kuzunguka, ringi iliyoganda inaweza kukatika, kutu ikachana ukuta wa silinda, na beringi kavu zikasagana na krankshafti chuma kwa chuma. Injini ambayo ingeamka kwa gharama ya oili na subira sasa inahitaji kufumuliwa yote.

Fundi anayeijua kazi huanza kwa kutoa plagi zote sita. Katika kila tundu humimina oili nyepesi ya kulegeza kutu. Wengi huchanganya oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, kisha huiacha siku kadhaa ipenye. Hapo ndipo huvalisha spana ndefu kwenye boliti ya mbele ya krankshafti na kuizungusha kwa mkono, taratibu, akisikiliza kwa kiganja. Ikienda robo mzunguko ikakwama, hailazimishi. Huirudisha nyuma kidogo, huongeza oili, husubiri tena. Akiwa na kamera nyembamba ya kuingiza kwenye tundu la plagi atauona ukuta wa silinda kwa macho yake, na alama za kutu zitamwambia kama kuna haja ya kufungua silinda hedi. Injini ikishazunguka kwa uhuru, oili ya zamani humwagwa na kuwekwa mpya, na stata huzungushwa plagi zikiwa bado nje mpaka geji ya presha ya oili inyanyuke. Mshale wa geji ukipanda, beringi zimeshapata oili, na cheche inaweza kufikiriwa.

Katika jambo moja 240Z ina nafuu: kamshafti yake huendeshwa na mnyororo wa chuma. Magari ya michezo yenye mkanda wa mpira, kama Ferrari 308 iliyotoka mwaka 1975, hayana nafuu hiyo. Mkanda uliokaa umejipinda mahali pamoja kwa miaka hukakamaa. Ukikatika au kuruka meno, pistoni hugonga vali. Hubadilishwa kabla ya jingine lolote, hata kama kwa macho unaonekana mzima.

Petroli nayo haikai. Sehemu zake nyepesi hupotea hewani na kinachobaki hugeuka utomvu wa rangi ya kahawia, wenye harufu kali inayofanana na ya vanishi. Utomvu huo huziba vitundu vya kabureta, na tanki tupu huota kutu ndani. Kwa hiyo tanki hushushwa, husafishwa, na likiwa limeoza hutengenezewa jingine. Mipira ya mafuta hutolewa yote bila kubagua. Ile ya miaka ya 1970 haikutengenezwa kwa ajili ya petroli yenye ethanoli inayouzwa leo katika nchi nyingi. Hulainika, hupasuka, na petroli ikadondokea injini ya moto. Magari mengi ya zamani yaliyofufuliwa vizuri yameungua kwa mpira wa bei ya soda.

Breki zinastahili ukali uleule. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. Kwa kiwango cha DOT 4, mafuta mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 155, na pedeli inaweza kuzama mpaka sakafuni kwenye mteremko mrefu. Maji hayohayo huozesha masta silinda na silinda ndogo kutoka ndani. 240Z ina disiki mbele na drami nyuma. Vyote hufunguliwa, mipira hubadilishwa, paipu za chuma zenye kutu hutupwa. Kuonja breki kwa kuendesha polepole uani hakuthibitishi lolote, kwa sababu kasi ndogo haizipi breki joto.

Waya zilizotafunwa na panya ni kero inayotibika. Kutu ya bodi ndiyo inayoamua kama mradi una maana.

240Z haina chasisi iliyojitenga. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, na iliundwa kwa bati jembamba lenye kinga hafifu. Chini ya kioo cha mbele kuna mfereji wa maji ya mvua. Majani makavu yakiuziba, maji hutafuta njia ya ndani na kulala chini ya zulia. Asidi ya betri hudondoka kwenye kitako chake, ikala bati, kisha ikala muhimili ulio chini. Mihimili hiyo ina uwazi ndani, hivyo huoza kuanzia ndani kuja nje, na rangi inaweza kung'aa juu ya bati lililobaki kama karatasi. Fundi wa bodi hupita na sumaku ndogo: mahali isiponasa pana puti badala ya chuma. Kisha hugongagonga kwa mpini wa bisibisi, na mlio mzito uliokufa humwonyesha pa kukata. Gari lililolala Nakuru au Arusha huwa na bodi nzuri kuliko pacha wake aliyelala Mombasa au Tanga, penye chumvi hewani, hata kama la bara lina injini mbovu zaidi. Anayenunua na achague bodi. Injini zinapatikana.

Hesabu ya fedha haina huruma. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati haikuwa na Z mpya sokoni Marekani, Nissan ilinunua 240Z kuukuu, ikazifanyia ukarabati kamili na kuziuza kupitia mawakala wake kwa takriban dola 25,000. Hata kwa bei hiyo kazi ilikula fedha nyingi mno, na mpango ukasimamishwa baada ya magari machache. Kampuni iliyolizaa gari, yenye michoro yake, ilishindwa kupata faida. Mtu binafsi aingie akijua hivyo.

Hapa panakuja swali ambalo wengi huliuliza wakiwa wamechelewa: ni kiasi gani kirekebishwe? Mapema mwaka 2020, 240Z ya 1971 iliyotembea kidogo na kubaki karibu kama ilivyotoka kiwandani iliuzwa Marekani kwa mnada, dola 310,000. Februari 2015 huko Paris, Ferrari 250 GT California Spider ya 1961 kutoka mabanda ya familia ya Baillon, magharibi mwa Ufaransa, iliuzwa kwa euro milioni 16.3 ikiwa na vumbi lake. Ilipogunduliwa ilikuwa imezikwa chini ya marundo ya magazeti. Bugatti ya 1925 iliyotolewa kwenye Ziwa Maggiore mwaka 2009, baada ya zaidi ya miaka 70 majini, iliingia kwenye jumba la makumbusho huko California, nusu yake ikiwa kutu, na hawakuitengeneza. Wanunuzi hao walilipia ushahidi. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa, mshono wa kiti ukishafumuliwa, hakuna fundi duniani wa kuvirudisha.

Hiyo haina maana kila gari liachwe lilivyo. 240Z yenye sakafu iliyooza lazima ikatwe na kuchomelewa, na gari linaloandaliwa kwa East African Safari Classic Rally, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003, linahitaji uimara kuliko rangi asilia. Lakini uamuzi ufanywe kabla ya msasa kuguswa, na kila hatua ipigwe picha. Boliti ziende kwenye mifuko yenye maandishi: upande gani, mlango gani, mwezi gani. Mradi ukikwama miaka miwili, na mingi hukwama, mifuko hiyo ndiyo itakayomwezesha fundi mwingine kuendelea.

Siku ya kuingia barabarani, matairi hayahukumiwi kwa kina cha kashata. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne: 2319 ina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hilo halibebi mtu. Mwendo wa kwanza uwe mfupi, karibu na gereji, na kizimamoto kiwe ndani. Gari likirudi, boneti inafunguliwa kutafuta uvujaji, nati za magurudumu zinakazwa upya, na baada ya kilomita mia chache oili inamwagwa tena, kwa sababu ile ya kwanza imebeba uchafu wote wa miaka ya kulala. Likipoa, nafasi za vali zinapimwa, zote kumi na mbili.