Ngozi hujijenga upya yenyewe, mkorogo huivuruga

ALFAJIRI katika mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, mitumbwi hurejea na dagaa waliovuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Jua linapochomoza, kazi huwaangukia akina mama, ambao huwaanika dagaa hao na kuwageuza hadi wakauke, nyuso, shingo na mikono yao ikiwa juani kwa saa nyingi.

Mikono hiyo hushika maji, magamba na mchanga kutwa nzima, na jioni husuguliwa kwa sabuni. Nguo inayotendewa hivyo kila siku isingemaliza mwaka. Ngozi humaliza miaka 70 na zaidi, kwa kuwa kila siku huondoa sehemu yake iliyochakaa na kuweka mpya mahali pake.

Kazi hiyo hufanyika katika tabaka la nje, ambalo kwenye sehemu nyingi za mwili lina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Chini kabisa ya tabaka hilo kuna safu ya seli hai zinazogawanyika mchana na usiku. Seli mpya huzisukuma juu zile zilizozitangulia.

Zikiwa njiani, seli hizo hujaa protini ngumu iitwayo keratini, ile ile inayojenga kucha na nywele, kisha hubapa na kufa. Hivyo ngozi ambayo mtu huiona na kuigusa ni seli zilizokwisha kufa, zilizopangwa mithili ya vigae vya paa. Katikati yake mna mafuta yanayozuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie.

Kwa kijana, safari ya seli kutoka chini hadi kubanduka huchukua takriban wiki nne. Kwa mzee huwa ndefu zaidi, na ndiyo sababu mchubuko wa mjukuu hupona upesi kuliko wa bibi yake. Krimu inayodai kuleta ngozi mpya kwa siku tatu, kwa hiyo, inadai jambo ambalo mwili wenyewe hauliwezi.

Katika safu hiyo ya chini zimo pia seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi. Chembe za rangi hiyo hutandazwa juu ya kiini cha seli changa kama mwavuli, zikikinga vinasaba dhidi ya mionzi ya jua. Kigoma ipo nyuzi 5 hivi kusini mwa Ikweta, na uso wa Ziwa Tanganyika upo karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, hivyo mwavuli huo si pambo. Watu wenye ualbino, ambao hawana kinga hiyo ya kutosha, hupatwa na saratani ya ngozi wakiwa bado vijana, na ni kwa ajili yao mafuta ya kukinga jua ya Kilisun hutengenezwa katika Hospitali ya KCMC, Moshi.

Mtu anayejipaka mkorogo hujivua mwavuli huo kwa hiari. Haidrokwinoni na zebaki, ambazo hukutwa katika krimu nyingi za kujichubua, huzuia utengenezaji wa melanini. Steroidi kali, ambazo ni dawa za hospitali, hupunguza kasi ya seli kugawanyika na kudhoofisha nyuzi za kolajeni zinazoishikilia ngozi kwa ndani.

Mwanzoni mtumiaji huona weupe na kufurahi. Baadaye ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, michirizi hutokeza, na kidonda kidogo huchelewa kufunga. Akihitaji upasuaji, ngozi ya namna hiyo hushika nyuzi kwa shida. Haidrokwinoni ikitumika kwa miaka huweza kugeuka na kuacha mabaka meusi yenye ubuluu mashavuni, yaani kinyume kabisa cha kile kilichonunuliwa.

Madhara ya zebaki hayaishii juu. Mwaka 1972 madaktari jijini Nairobi walitoa taarifa ya wagonjwa 60 wa figo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivyo, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi upo chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuondoa vipodozi vyote vyenye zebaki ifikapo mwaka 2025. Hata hivyo, marufuku haiondoi tamaa, na makopo yasiyo na maelezo ya viambato yangali yanapata wanunuzi.

Kuisaidia ngozi katika kazi yake hakuhitaji fedha nyingi. Sabuni, ikiwamo ile inayochemshwa kwa mawese na kostiki, huwa na ukali wa nyongo, ilhali uso wa ngozi una uchachu kidogo. Ikitumiwa mara nyingi huondoa uchafu pamoja na yale mafuta ya katikati ya vigae, na ngozi hupauka. Kujipaka mafuta ya nazi au ya mgando mara baada ya kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu, huzuia maji yasipotee. Dodoki litumike kwa wepesi, kwani seli zilizo tayari kubanduka hazihitaji kukwanguliwa.

Mawese mekundu yanayouzwa katika masoko ya Ujiji na Mwandiga hupakwa mwilini na baadhi ya watu, lakini hayatoshi kukinga jua. Kofia pana na khanga iliyofunika mabega hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Faida kubwa ya mawese ipo chunguni: wekundu wake ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na bila vitamini hiyo seli za ngozi hazikomai ipasavyo. Anayeyaunguza hadi yakawa meupe huwa ameimwaga faida hiyo. Dagaa, kwa upande wao, huleta protini ya kujengea keratini.

Kwa aliyekwisha kutumia mkorogo, tabaka la nje huweza kujirudi kwa miezi kadhaa, kwa kuwa safu ya chini huendelea kuzaa seli. Michirizi haifutiki, kwani ipo ndani zaidi, mahali ambapo ngozi haibadilishwi kila mwezi. Aidha, kuacha ghafla krimu yenye steroidi kali huweza kuleta wekundu, muwasho na uvimbe unaomrudisha mtumiaji kwenye kopo lile lile. Anayetaka kuacha hushauriwa kumwona daktari kwanza, akiwa na kopo lenyewe mkononi.